Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri yetu: watoto wa chini ya meza

Mheshimiwa Mkurugenzi shikamoo. Naandika hapa hadharani kwa sababu barua mbili tulizopeleka masjala hazijajibiwa mpaka leo, na watoto hawasubiri, wanakua.

Mimi nauza nyanya, pia ni katibu wa kikundi cha akina mama hapa sokoni. Saa kumi na moja alfajiri tunakuwa tushafika kuwahi mzigo, sasa mtoto wa miaka miwili utamwachia nani saa hizo? Unakuja naye, unamtandikia kanga chini ya meza, akiamka anatambaa kwenye majiko ya mama ntilie. Mwaka jana mtoto wa mwenzetu alijivutia sufuria ya maharage, mkono wote ukaungua. Wapo waliosema uzembe wa mama, mi nabisha mpaka kesho, yule mama alikuwa anampimia mteja, angefanyaje?

Darasa la awali linamchukua mtoto akifika miaka 5. Huyu wa miwili, mitatu, minne aende wapi? Vituo vya kulipia vipo ila ada yake hatuiwezi.

Ndo tukaamua wenyewe. Tukachanga jero jero kila siku, mwenyekiti wa mtaa akatupa chumba kilichokuwa ghala, vijana wa bodaboda wakabeba mchanga bure wakapiga plasta wakaweka wavu madirishani, mabinti wawili waliomaliza form four wakaanza kukaa na watoto. Asubuhi uji wa lishe, baadae nyimbo na hadithi, kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Na hapa niseme kitu Mheshimiwa, mmoja wa hao mabinti alikaa ndani miaka miwili hana pa kwenda, mama yake ameshakata tamaa, ila alipopata wale watoto akawa anaamka kabla yetu sisi wa sokoni. Hawakuwa wanalelewa watoto tu pale.

Basi akaja mtu wa ofisini akasema tufunge mpaka tusajiliwe. Usajili hatuukatai, Sheria ya Mtoto ya 2009 inawalinda haohao wanetu, kama ni choo cha watoto tutachimba, ila tuandikiwe kinachopungua, sio njoo kesho njoo keshokutwa. Tukaomba na mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, tukajibiwa kulea watoto sio mradi, tungefuga kuku tungefikiriwa. Iliniuma sana hiyo. Wakati serikali hiyohiyo ilizindua PJT-MMMAM Desemba 2021, programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto tangu tumboni mpaka miaka 8, inataja lishe, afya, malezi yenye mwitikio (yaani kumsikiliza mtoto na kumjibu), ujifunzaji wa awali na ulinzi. Uji wetu si ndo lishe, ule wavu si ndo ulinzi?

Tunaomba umtume afisa ustawi wa jamii aje akague, atuandikie marekebisho na tarehe, na kikundi chetu kihesabiwe kwenye mikopo kama vikundi vingine.

Chumba kimefungwa wiki ya tatu leo. Ukija mwenyewe njoo kabla ya saa mbili asubuhi, pitia kwanza upande wa nyanya uone walivyolala, halafu ulizia funguo, ninazo mimi.