Malalamiko: Stika ya Bei Juu ya Namba ya Rangi

Soweto,
Moshi.
7 Julai 2025

Meneja wa Mauzo,
Duka la Nyuzi,
Arusha.

YAH: MADONGE MAWILI YA SUFU YENYE BLUU TOFAUTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 2 Juni niliagiza kwenu madonge manne ya uzi wa soksi, gramu 50 kila moja: mawili bluu iliyoiva, mawili krimu. Nilisisitiza, na ujumbe bado ninao kwenye simu, kwamba kila rangi itoke kwenye mkupuo mmoja, yaani madonge yaliyotiwa rangi pamoja kwenye pipa moja. Mzigo ulifika stendi ya Moshi kesho yake kwa Coaster. Kwa hilo sina neno.

Soksi nilizofuma kwa uzi huo ni zawadi ya jubilei. Baba mdogo na mama mdogo wangu, wa Kibosho, wanatimiza miaka 50 ya ndoa Jumamosi ya tarehe 26 mwezi huu. Kamati nzima inahangaika na vitenge vya sare. Mimi nikaona niwavalishe sare wenye shughuli wawili peke yao, tena miguuni, maana baridi ya Julai kule mlimani mnaijua. Safu sita bluu, safu sita krimu, kisigino na vidole krimu tupu. Mishono 60 kwa mama mdogo na 72 kwa baba mdogo, ambaye mguu wake ni namba 44 na hauna utani. Sindano tano nyembamba za milimita mbili na nusu, usiku baada ya usiku, watoto wakishalala.

Chini ya balbu sikuona kitu. Jana baada ya ibada nikazianika zote nne barazani, na jua likasema kweli: za mama mdogo ni bluu ya wino, za baba mdogo zinaelekea zambarau. Mwanangu wa darasa la tatu akapita, akauliza, "Mama, hizi za babu umenunua wapi?"

Nikatafuta karatasi za madonge. Stika zenu za bei zilikuwa zimebandikwa juu kabisa ya namba ya mkupuo, kwenye zote mbili za bluu. Nikazibandua kwa maji ya moto. Namba mbili tofauti.

Mnajua kuliko mimi kwamba uzi hutiwa rangi pipa kwa pipa, na vipimo hata viwe vile vile, maji, moto au muda ukibadilika kidogo rangi haitoki sawa. Kiwanda sikilaumu, ndiyo maana kinaandika namba. Ningeiona mapema ningepokezanisha: mstari huu donge la kwanza, mstari wa bluu unaofuata donge la pili. Soksi zote nne zingepata bluu zote mbili, na watu wangedhani ni urembo niliokusudia. Stika yenu imeninyima hata ujanja huo.

Leo asubuhi nimepiga simu, binti wa mauzo akanijibu, "Mama, wakivaa viatu haitaonekana." Mama mdogo ameshona nguo za watu miaka mingi. Huyo hata ukimpa leso ataigeuza kwanza aangalie pindo.

Ninachoomba ni donge moja la bluu lenye namba ile ya jozi ya mama mdogo. Karatasi zote mbili nimeziambatisha, hiyo nimeizungushia kalamu. Kama limekwisha, nitumieni mawili ya mkupuo mmoja, nitafumua jozi zote mbili na kukesha. Nauli ya mzigo iwe juu yenu. Uzi unifikie kabla ya Ijumaa, tarehe 11, kwa sababu soksi ya namba 44 haifumwi kwa siku moja. Mkishindwa, shilingi 18,000 za madonge hayo mawili zirudi kwenye namba niliyolipia.

Na stika za bei mzihamishie upande wa pili wa karatasi. Nafasi iko tele.

Mteja wenu,
Mama wa soksi za jubilei, Moshi