Malalamiko kuhusu gari mliloniuzia: mita ya kilomita imerudishwa nyuma na gia boksi imechoka

Barani,
Malindi.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Yadi ya Magari,
Mombasa.

Bwana Meneja,

MINTARAFU: GARI LA MTUMBA LA PETROLI, LITA 2.0, LILILOSAJILIWA JAPANI MARA YA KWANZA 2016

Salamu. Nimepiga simu, nimeandika WhatsApp, na kila mara naambiwa nimsubiri mkubwa arudi. Naona safari ya mkubwa huyo ni ndefu, basi nayaweka malalamiko yangu kwa maandishi.

Mliniuzia gari hili kwa shilingi 1,850,000 mkisema limetembea kilomita 71,480. Tarakimu hizo zimo kwenye mkataba wenu na kwenye picha ya dashibodi niliyoipiga hapo hapo yadi. Bahasha ya karatasi za forodha mlinikabidhi baadaye, malipo yakiwa yamekwisha na umiliki umeshahamishwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Ndani yake mna cheti cha kufutwa usajili kule Japani. Kwao gari la mtu binafsi hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita zake huandikwa. Cheti hiki kinaonyesha ukaguzi wa 2019 ulikuta kilomita 74,200, na wa 2021 ukakuta 117,300. Yaani gari limefika yadi kwenu likiwa na kilomita chache kuliko lilizokuwa nazo 2019. Kimeandikwa Kijapani, ndiyo, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani. Kama mita ilirudishwa huko au ilirudishwa Mombasa, hilo mtamalizana na waliowauzia. Mimi nimenunua kwenu.

Kazi yangu ni nyumba za wageni. Nawapokea watu uwanja wa ndege wa Moi au kwenye gari moshi Miritini, nawaleta Malindi na Watamu. Ni kama kilomita 120 kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Gari la kazi kama hii halitakiwi kuwa na maringo. Hili lenu likishakaa kwenye foleni ya Mtwapa, jua la saa saba na feni ya hewa baridi imewashwa, huanza kulia mlio mwembamba, taa ya injini huwaka, kisha hata ukikanyaga mafuta haliongezi mwendo. Mara ya mwisho nilikuwa na mama na mtoto mchanga kiti cha nyuma. Tuktuki zikatupita zikipiga honi, mtoto analia, na mama anauliza kwa upole kama kweli hii ndiyo gari aliyoiona kwenye picha.

Fundi wangu hapa Malindi aliifungua sahani ya chini ya gia boksi mbele yangu. Oili ilikuwa nyeusi na inanuka kuungua. Sumaku zilizowekwa humo kunasa vipande vya chuma zilikuwa zimevaa unga mzito, ukiugusa unabaki vidoleni kama masizi. Gia boksi ya aina hii, CVT, haina gia za kubadilisha. Ina mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na inaishi kwa oili yake maalumu. Ukiweka oili ya gia boksi ya kawaida, mkanda huteleza na kulika. Oili hiyo hubadilishwa kila baada ya kilomita 40,000 hadi 60,000. Sasa niambieni, mnunuzi anayeonyeshwa 71,480 wakati ukweli umepita 117,300 ataijuaje zamu ya kuibadilisha?

Kuhusu mafuta, kijana wenu wa mauzo aliniambia lita moja inakwenda kilomita 16. Naelewa kipimo cha kiwandani si barabara ya Kilifi, na ningepata 12 ningenyamaza. Nikijaza tangi na kujaza tena, napata 9. Mombasa na kurudi ni lita 27 badala ya 20, na petroli ilipokuwa karibu shilingi 180 kwa lita, hizo zilikuwa zaidi ya shilingi 1,200 za ziada safari moja. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, wakitangaza bei mpya tarehe 14 ya mwezi, moyo hunienda mbio. Koili, plagi, beringi ya gurudumu na bushi za mbele nimeshabadilisha kwa pesa zangu. Hizo sizidai, ni mambo ya gari la mtumba.

Jibu la pekee nililopata kwenu ni kwamba gari la mtumba huuzwa lilivyo, na kwamba hewa ya chumvi ya Malindi huharibu magari. Hewa ya chumvi naijua, nimezaliwa nayo. Hutoboa bodi na kula bomba la moshi. Sijawahi kuisikia ikirudisha mita. Na "lilivyo" maana yake ni lilivyoelezwa kwenye mkataba: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouziwa, na Katiba, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa na habari anazohitaji kuzihusu.

Ninachotaka ni kimoja kati ya viwili. Ama mlichukue gari na kunirudishia pesa, mkikata kiasi cha haki kwa matumizi yangu. Ama mniwekee gia boksi nzima yenye risiti na oili yake sahihi, na mnirudishie tofauti ya bei kati ya gari la kilomita 71,480 na gari hili. Nawapa siku 14. Mkinyamaza, nitapeleka dai la gia boksi na tofauti ya bei Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Nakala za mkataba, cheti, picha ya dashibodi na ripoti ya fundi nimeziambatisha.

Mkitaka kulikagua, gari liko hapa Barani. Ila fundi wenu asije kuliwasha asubuhi likiwa baridi akasema ni zima. Aliendeshe adhuhuri hadi Gede na kurudi, feni ya hewa baridi ikiwa imewashwa, nami nitakaa kiti cha pembeni.

Wasalaam,

Mteja wenu, Malindi.