Mwanafunzi wa bweni anahitaji sikio lisiloshika fimbo

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na mameneja wa shule za sekondari za Kanisa Katoliki, wakuu wa shule hizo, na wazazi ambao Januari watapanga foleni getini na matranka, ndoo na magodoro. Sifa za shule hizi tunazijua: nidhamu, usafi, ufaulu. Hatuna ugomvi nazo. Tunachosema ni kwamba mtoto anaweza kukaa bweni miaka minne, akaondoka na divisheni wani, na katika miaka hiyo yote asipate mtu mzima hata mmoja wa kumwambia "nimechoka" bila kuogopa kitakachofuata. Inatuuma zaidi kwa sababu dawa Kanisa linayo, tena kwa maandishi.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 985, zinaelekeza kwamba gambera, yaani mkuu wa seminari, au mkuu wa taasisi nyingine ya elimu, asiwaungamishe wanafunzi wanaoishi katika nyumba anayoiongoza, isipokuwa mwanafunzi mwenyewe aombe kwa hiari yake katika nafasi ya pekee. Kanuni ya 240 inakwenda mbele: seminarini, inapoamuliwa nani abaki na nani aondoke, muungamishi na baba wa kiroho wasiulizwe kamwe maoni yao. Kanuni hizi zinahusu kitubio na malezi ya seminari, lakini busara yake inafaa kila bweni. Mwenye mamlaka ya kukufukuza huwezi kumfungulia moyo. Sasa tazama shule zetu: mwalimu wa ushauri na unasihi mara nyingi ndiye makamu mkuu wa shule, au mwalimu wa nidhamu, au sista matroni yule yule anayekagua vitanda alfajiri. Mtoto anamtazama mkononi kabla hajamtazama usoni.

Kwa hiyo la kwanza ni kutenganisha kazi hizi mbili. Mnasihi asiwemo kwenye kamati ya nidhamu, asiandike barua ya kumsimamisha mtu masomo, asikusanye ada. Apunguziwe vipindi, mwalimu mwenye vipindi 28 kwa wiki hawezi kumsikiliza mtu, atamsikiliza akiwa amebeba madaftari ya kusahihisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba, wa umri wa miaka 10 hadi 19, anaishi na tatizo la afya ya akili. Peleka kipimo hicho kwenye shule ya wanafunzi 480, unapata karibu 70. Hao hawawezi kuhudumiwa na mtu anayekutana nao koridoni kati ya kipindi na kipindi.

Chumba chake kiwe mbali na jengo la utawala, karibu na maktaba au zahanati ya shule, mahali ambapo mtoto akionekana anaingia hakuna atakayeuliza amefanya nini. Mlango uwe na kioo: wapitao waone kuwa watu wawili wameketi, wasisikie wanachosema. Kioo hicho kinamlinda mtoto, kinamlinda na mwalimu. Viti viwe vya kimo kimoja, na meza isikae katikati.

Na lile sanduku la maoni. Katika shule nyingi limepigiliwa ukutani hatua tatu kutoka mlango wa mkuu wa shule, kufuli limeshika kutu, na likifunguliwa mna karatasi za pipi na barua moja ya muhula uliopita inayolalamikia maharage yenye wadudu. Halitumiki kwa sababu kila anayetumbukiza karatasi anaonekana, na ufunguo anao mtu anayelalamikiwa. Lihamishieni njia ya kwenda maktaba. Liwe na makufuli mawili, ufunguo mmoja kwa mnasihi na wa pili kwa mwalimu ambaye wanafunzi wenyewe wamemchagua. Lifunguliwe Jumanne na Ijumaa bila kukosa, na majibu ya mambo ya wote yabandikwe ubaoni wiki hiyo hiyo. Barua ya kwanza isipojibiwa, ya pili haiandikwi.

Mazungumzo yenyewe yana ufundi wake. Ukimwita mtoto na kumwuliza "una tatizo gani?" atasema "sina, mwalimu," nawe utaandika hana. Anza na vitu vinavyoshikika: jana ulilala saa ngapi, mchana ulikula nini, na ukipata habari njema leo mtu wa kwanza utakayemwambia ni nani. Kwenye swali hili la tatu wengi husita. Akikaa kimya, usimjazie jibu. Nyamaza naye. Mtoto anayekosa hata jina moja la kutaja ndiye wa kumrudia kesho, hata kama darasani anashika namba mbili.

Kabla hajasimulia lolote, mwambie mipaka ya siri waziwazi: hutamwambia mtu, isipokuwa maisha yake yako hatarini, au kuna anayemdhuru, au anakusudia kumdhuru mwingine. Ukificha mipaka hiyo mwanzoni, halafu ukalazimika kutoa taarifa, umemfunga mdomo yeye na bweni zima. Linapotajwa la kudhulumiwa, afisa ustawi wa jamii ahusishwe siku hiyo hiyo, hata anayetuhumiwa akiwa mtumishi wa Kanisa. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyolipiwa, iandikwe kwa rangi ukutani mwa kila bweni. Na kwa kuwa wanafunzi wa bweni hawana simu, pawepo simu wanayoweza kuitumia bila kiranja kusimama pembeni.

Tuseme pia la kujiua, maana linaogopwa mpaka linaachwa. Ukiona dalili, uliza moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halipandi wazo kichwani mwa mtoto, linampa nafasi ya kulitua. Akikubali, asiachwe peke yake hata kwa dakika ya kwenda chooni, mzazi ajulishwe siku hiyo, apelekwe hospitali yenye huduma ya afya ya akili, na asirudishwe nyumbani kama aliyefanya kosa. Usimtishe kwa moto wa milele. Katekisimu yenyewe, namba 2282 na 2283, inakiri kwamba ugonjwa mkubwa wa nafsi na hofu kali hupunguza uwajibikaji wa mtu, na inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wa waliojiua.

Kuna jambo linalozisumbua hasa shule za wasichana, nalo linaendeshwa vibaya kuliko mengine yote: watoto kuanguka. Ni saa za prepo ya usiku, yaani kujisomea, mmoja anapiga kelele, analia, anakakamaa. Dakika kumi baadaye wako wanne. Kufika usiku wa manane wako 20 na darasa zima liko nje. Hapo huitwa kikundi cha maombi na kipaza sauti. Hilo ndilo kosa. Kuanguka huku husambaa kwa macho na masikio, na kila anayelazwa katikati ya umati anaongeza watazamaji ambao nao wanakaribia kuanguka. Historia yake iko nyumbani kwetu. Huko Kashasha, karibu na Bukoba, tarehe 30 Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya misheni walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Kufikia Machi 18, shule ilipofungwa, walikuwa 95 kati ya 159. Madaktari walipima damu na chakula, wasikute sumu wala maambukizi. Walihitimisha kuwa ni hali ya kihisia iliyosambaa katika kundi, na watafiti wa baadaye waliihusisha na msongo wa watoto waliobanwa.

La kufanya ni kumtoa aliyeanguka, taratibu na bila kelele, na kumpeleka chumba chenye hewa, watu wawili tu wakiwa naye, muuguzi na mwanamke anayemwamini. Apimwe malaria na sukari, maana homa na njaa huangusha pia. Apewe maji yenye sukari, alale. Walioanguka wasiwekwe chumba kimoja. Wengine waendelee na prepo au wapelekwe kulala mapema, na mwalimu mtulivu azunguke vitandani. Kuhusu pepo, kanuni ya 1172 iko wazi: hakuna anayeruhusiwa kupunga pepo bila idhini maalumu na ya wazi ya Askofu mahalia. Padre au sista anayekemea mapepo ukumbini saa tano usiku amejichukulia ruhusa asiyonayo. Asubuhi yake, mnasihi awasikilize mmoja mmoja. Mara nyingi nyuma ya kuanguka utakuta mtihani wa mchujo, matroni mkali kupita kiasi, au jambo la aibu ambalo bweni zima linalijua na walimu hawalijui.

Usingizi tutausema kwa hesabu tu. Taa kuzimwa saa 5:00 usiku, kengele saa 10:30 alfajiri: hiyo ni saa tano na nusu. Wataalamu wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Futeni prepo ya alfajiri, zimeni taa saa 3:45 usiku, pigeni kengele saa 11:45. Mnapata saa nane na Misa bado inawahiwa. Mtoto anayesinzia kwenye mahubiri hajakosa imani, amekosa kulala.

Sasa tufike kwenye swali ambalo mtoto hujiuliza akiwa juu ya dabodeka, taa zikishazimwa: nasoma ili iweje? Shule ya Kanisa isiyomsaidia kulijibu imebaki kuwa kituo cha mtihani chenye kikanisa pembeni. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora, tulitumaini mchujo wa wastani utalegea. Bado kuna shule zinazomwondoa mtoto wa Kidato cha Tatu kwa kukosa alama tatu za wastani, ingawa Wizara imekemea zaidi ya mara moja. Kwa mchujo huo mnawafundisha na wanaobaki kwamba thamani yao ni namba.

Neno "wito" nalo limefinywa. Siku ya miito huja padre na sista na vipeperushi, na mwenye ndoto ya kuwa fundi umeme au mama wa familia anaona siku si yake. Kwenye Siku ya Taaluma huja daktari na mwanasheria. Mwiteni muuguzi wa zahanati ya kijijini, fundi seremala aliyefunza vijana wanne, mkulima, wanandoa waliokaa pamoja miaka 30. Wasisimulie walivyofaulu, waeleze kazi yao inamfaa nani, na siku ikiwa ngumu wanashikilia nini.

Huduma ndiyo inayofundisha zaidi, ikipangwa vizuri. Ziara ya mara moja kwenye kituo cha wazee, na sabuni na picha, haimjengi mtu. Wapangeni watano watano, kila kundi na nyumba moja ya mzee au mgonjwa, saa mbili kila Jumamosi, muhula mzima, nyumba ile ile. Wiki ya kwanza watachota maji na kufagia kwa haya. Kufikia wiki ya tano wanajua bibi hawezi kufungua kopo la dawa kwa sababu ya vidole, na mmoja anarudi shuleni akifikiria kifuniko cha namna nyingine. Jumapili jioni wakae dakika 40 na mlezi wao kwa njia ya ona, amua, tenda, aliyoianzisha Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji na ambayo Papa Yohane XXIII aliipendekeza katika waraka wake wa mwaka 1961. Vijana wa TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki Tanzania, wanaifahamu. Tumeona nini? Kwa nini iko hivyo, na Injili inasemaje? Jumamosi ijayo tufanye nini, na nani? Huduma hii isitumike kamwe kama adhabu. Siku mwalimu wa nidhamu atakapompeleka mchelewaji kumfulia mzee, imekwisha. Wanafunzi Waislamu na wa madhehebu mengine waingie kama wengine, na Ijumaa Waislamu wapewe nafasi ya kuswali bila kuombaomba.

Mafungo ya kiroho nayo yahamishwe. Yakifanyika Oktoba kwa Kidato cha Nne hugeuka semina ya mtihani. Kidato cha Tatu hakina mtihani wa taifa, na hapo ndipo kichwa cha mtoto kina nafasi. Siku mbili zinatosha, zenye vipindi vitatu vya ukimya wa saa moja na barua ya siri kutoka kwa mzazi, aliyeombwa mapema asitaje alama. Matroni ahesabu barua siku tatu kabla. Ambaye yake haijafika, mlezi, shangazi au mwalimu wake aandike, kwa sababu mtoto mmoja atakayeachwa mikono mitupu mbele ya wenzake ataondoka na jeraha ambalo mafungo hayataliponya.

Wazazi, mtakapopokea fomu ya kujiunga, msiishie kwenye orodha ya mashuka na viatu. Ulizeni mnasihi ni nani na ana kazi gani nyingine, kengele inalia saa ngapi, na simu ya kupiga 116 iko wapi. Mkuu wa shule akijibu maswali hayo bila kwenda kuuliza ofisini, mpelekeni mtoto.

Ni sisi walimu walezi wa shule za bweni,
Bukoba