Mlima Kulal mmeuzamisha kwenye kijivu

Mhariri,

Picha ya Mlima Kulal, huku kwetu Marsabit, mliyochapa juzi kurasa za ndani kwa nyeusi na nyeupe imenikera. Anga, mwamba na uwanda wa mawe vyote vimekuwa kijivu kimoja, utadhani mtu ameupaka mlima uji wa wimbi. Jirani yangu ni mzaliwa wa Gatab, juu ya mlima huohuo, na bado aliniuliza hiyo ni picha ya nini.

Simlaumu mpiga picha. Alipiga kwa rangi, na nina hakika kwa rangi ilipendeza. Mambo yaliharibikia mezani kwenu, mlipoiondoa rangi kwa kubofya mara moja na kuipeleka mtamboni. Mwamba wa kule, pale ulipochakaa kwa jua, una rangi ya kutu, na anga ni samawati. Jicho haliwezi kuvichanganya. Lakini ukishaondoa rangi, mng'ao wa mwamba na wa anga unakaribiana mno, mlima ukapotelea angani.

Sisi wa enzi za filamu tulifunga filta nyekundu, yaani kioo cha rangi, mbele ya lenzi. Huzuia mwanga wa samawati na kupitisha mwekundu, hivyo anga inakoza, mawingu yanajitokeza na mwamba unang'aa. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alifanya hivyo mwaka 1927 alipopiga jabali la Half Dome kule California: filta ya manjano ilimwachia anga hafifu, akaweka nyekundu. Bei yake ni mwanga. Filta ya namna hiyo hutaka mwanga takriban mara nane, kwa hiyo kamera inakaa wazi muda mrefu zaidi, na upepo wa Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, mnaujua, ndio uliovuta mitambo 365 ya umeme upande ule. Stendi yangu niliining'inizia mfuko wa mawe, na bado ilitetemeka.

Nyinyi leo hamhitaji hata filta. Programu yoyote nzuri ya kuhariri picha inawaruhusu kushusha samawati na kupandisha nyekundu kabla ya kuifanya picha nyeusi na nyeupe. Msizidishe tu, maana anga huanza kuota chembechembe na ukingo wa mlima ukapata mstari mweupe wa ajabu. Karatasi ya gazeti nayo hunywa wino, basi vivuli viacheni vyepesi kuliko vinavyowapendeza kwenye kompyuta.

Kijana wenu akirudi Loiyangalani, asihangaike na Kulal alfajiri. Mlima uko mashariki, jua huchomoza nyuma yake na atapata kivuli kitupu. Asubiri saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande wa ziwa. Asimame pembeni ili mwanga upite kwa ubavu, hapo kila korongo hupata upande wake mweusi na upande wake mweupe. Siku ya vumbi zito akapumzike tu, kwa sababu filta hukata ule ukungu wa samawati wa mbali, vumbi hailiwezi.

Halafu yale maneno chini ya picha, "jangwa tupu". Juu ya Kulal kuna msitu wa ukungu, na wako watu na mifugo wanaoishi kwa maji yake.

Picha ya rangi nadhani bado mnayo. Itengenezeni upya, mwichape tena.

Mpiga picha wa studio,
Marsabit