Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora: saruji isiguse tembe ya Kwihara

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Wengi huiita tembe ya Kwihara, nyumba ya kale ya udongo karibu na mji wa Tabora, nyumba ya mpelelezi Livingstone, ingawa mle alikuwa mgeni tu. Alifika na mwandishi wa habari Stanley tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka Machi 14, yeye akabaki kungoja wapagazi hadi Agosti 25. Ujenzi wa tembe hiyo unasimulia zaidi ya jina hilo: kuta za udongo na paa bapa ni za bara, mlango wa kuchonga ni wa pwani, ulioletwa na wafanyabiashara waliopitisha Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, pembe za ndovu na watumwa.

Ombi letu: fungu la ukarabati likitoka, saruji isiguse ukuta hata mmoja.

Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, ukuta ukalainika kuanzia futi mbili za chini huku nje ukionekana mzima. Gonga kwa kidole. Ukilia kama debe tupu, lipu imeshaachia, na pande likidondoka huondoka na udongo wake.

Nyufa zizibwe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Lipu ya juu iwe chokaa ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, chokaa iwe imelowekwa wiki mbili au zaidi. Mkono mmoja wa lipu, yaani tabaka moja, usizidi sentimita 1, kisha ufunikwe magunia mabichi siku tano. Jua la Tabora likiuwahi, unakuwa vumbi.

Nyumba za namna hii hufia paani. Paa bapa si sakafu: lipewe mteremko wa sentimita 2 au 3 kwa kila mita, na michirizi itoke nusu mita nje. Ikiwa mifupi, maji hurudi ukutani. Ncha za boriti zilizozama ukutani zichokolewe kwa bisibisi, maana mchwa huanzia gizani. Atakayependekeza bati atakuwa anajenga banda.

Mvua huanza Novemba, hivyo kazi za udongo zifungwe Septemba na zabuni itoke kabla ya Mei. Mkataba umtake mkandarasi apige kwanza kipande cha majaribio, mita 1 kwa 1, kikaguliwe baada ya wiki tatu ndipo alipwe malipo ya awali.

Wako,
Mafundi wa nyumba za udongo, Tabora