Sasisheni vivinjari leo, tafadhali
Wapendwa, habari zenu. Naona wengine mnasema simu inafanya kazi vizuri, ya nini kusasisha kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti? Kufanya kazi vizuri si hoja. Septemba 2023 iligundulika kasoro kwenye libwebp, programu ndogo inayofungua picha za WebP (aina ya faili za picha za mtandaoni). Picha iliyoundwa kwa hila iliandika data nje ya eneo lake la kumbukumbu, na hapo mshambulizi akapata mwanya wa kuingiza amri zake. Hubofyi chochote, ukurasa ukifunguka tu imetosha. Chrome, Firefox na Edge zote ziliguswa kwa sababu zilitumia libwebp hiyohiyo.

Kwenye Chrome ya kompyuta, bonyeza nukta tatu juu kulia, Usaidizi, kisha Kuhusu Google Chrome. Toleo jipya litajipakua lenyewe, ila halianzi kazi mpaka ufunge kivinjari na kukifungua tena. (Wenye tabo kibao wazi tangu mwezi jana, nawasema ninyi.) Safari ya iPhone husasishwa pamoja na iOS.

Ukurasa ukikurukia na "kivinjari chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa", ufunge, usibonyeze. Aliyekwama atume picha ya skrini hapahapa.