Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024: Mida, Sabaki na Ile Safari ya Oman

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kulinda ndege, wazee wetu, kina mama na vijana mliofika, assalaam aleikum na hamjambo nyote. Viti vingi viko wazi lakini tumeshazoea, tuanze tu.

Shughuli za kawaida sitazirefusha manake mnazijua na picha mliziona kwenye grupu. Januari tulihesabu ndege wa majini Mida Creek, ile hori yetu ya mikoko, na pale mto Sabaki unapoingia baharini, Mei tukazoa plastiki ufukweni, shule mbili tulizitembelea, Agosti tukarudi Sabaki kuwaangalia wale ndege wanaokuja na Kusi kutoka Madagaska, Oktoba tukaingia msitu wa Arabuko-Sokoke usiku kumtafuta yule bundi mdogo, tukamsikia hatukumwona. Yote yalienda vizuri, alhamdulillahi. Gari la kwenda Arabuko lilikuwa langu na mafuta yangu, sisemi ili nisifiwe, nasema tu ijulikane.

Sasa tuje kwenye lile ambalo najua ndilo limewaleta hata nyinyi wachache. Oman, ile safari ya Machi ya kwenda kuangalia ndege.

Maneno yamekuwa mengi, mengine yamenifikia sokoni kwa muuza samaki, ati mwenyekiti kala hela ya kununulia skopu, ile darubini ya kutazamia ndege wa mbali. Jamani. Mfuko wa maendeleo ulikuwa na shilingi 212,400. Tuliosafiri ni watu watano, wanne chama kiliwachangia 37,500 kila mmoja, jumla 150,000, gharama zilizobaki kila mtu alizitoa mfukoni mwake, na wa tano ni mpwa wangu ambaye alijilipia kila kitu mpaka maji ya kunywa, risiti mweka hazina anazo. Alikuja kwa sababu anajua kupiga picha na zile picha mnazozipenda za heroe wakiruka alfajiri ni zake. Kwa hiyo mfuko una 62,400 na ndio, skopu hatujanunua, hilo silikatai.

Lakini hebu tukumbushane. Katiba yetu inasema matumizi yanayozidi 50,000 yapitishwe na mkutano wa wanachama, na mimi mkutano niliuitisha, tena si mara moja. Novemba 2023 walikuja watu 9. Desemba tukaitisha tena, nikanunua na sambusa, wakaja 11. Akidi ni 21. Sasa nyinyi niambieni kamati ingefanya nini, bei ya tiketi inapanda kila wiki na wakala ameshatupigia mara tatu? Kamati ikakaa ikaamua, wajumbe watano dhidi ya wawili. Wale wawili nawaheshimu, mmoja bado hanisalimii lakini namheshimu.

Hoja yao ilikuwa twende Pemba, ni karibu, ni rahisi, na kule kuna ndege wanne wasiopatikana pengine popote duniani, bundi wao, njiwa wao wa kijani na wale wadogo wawili. Ni kweli kabisa. Hoja ya pili ndiyo imenichoma zaidi, kwamba tumetumia laki na nusu kumfuata ndege tuliye naye nyumbani.

Hapa nitakaa kidogo mnivumilie.

Mla-kaa, ndivyo tunavyomwita hapa chamani, yule mweupe na mweusi mwenye miguu mirefu na mdomo mzito mweusi kama panga, kila mtu aliyewahi kusimama kwenye daraja la mikoko la Mida amemwona. Anakuja kwa mamia wakati wa Kaskazi halafu mwezi wa nne anapotea, wanabaki vijana wachache. Anaenda wapi? Anaenda kwao. Kenya hatagi hata siku moja. Anataga pwani za Somalia, Uarabuni na Ghuba, na hatagi kama ndege wengine wa ufukweni, anachimba shimo mchangani linaingia ndani kama la kaa, humo anaweka yai moja jeupe na joto la mchanga linamsaidia kuatamia. Dunia nzima wanakadiriwa kati ya 60,000 na 80,000 tu. Yaani sisi tunakaa na mgeni miezi minane, kwao hatukujui, halafu tunajiita chama cha kulinda ndege. Huko ndiko nilikotaka twende, na wazo lilikuwa langu, lawama nazipokea na sifa zikija nitazipokea pia.

Tuliondoka tarehe 2 Machi tukarudi tarehe 9, mwezi mtukufu ukaanza tarehe 12, kwa hiyo wanaosema tulikula mchana Ramadhani ugenini wamekosea hata kalenda. Tukapanda ndege kwenda kuona ndege. Maskati tulilala kwa jamaa zangu, hatukulipa hoteli siku tatu, hizo hesabu hakuna anayezitaja. Bibi wa nyumba ile kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kuliko cha wengi wenu humu, akatuwekea kahawa na tende akauliza, wanangu, mmetoka Mombasa mpaka huku kuangalia ndege, kwani kwenu wameisha? Mjumbe mmoja akacheka sana. Mimi sikucheka.

Kutoka Maskati mpaka Barr Al Hikman ni karibu siku nzima ya barabara, kusini, kavu, ngamia na nguzo za umeme. Ile ni rasi bapa inayotazamana na kisiwa cha Masirah na maji yakipwa tope linaenda mpaka jicho linachoka. Gari la fowili tulilokodi likazama kwenye ardhi ya chumvi, wenyewe wanaiita sabkha, juu inaonekana ngumu kama sakafu lakini chini ni uji. Tulichimba kwa muda wa saa mbili kwa sahani za kulia mpaka wakaja wavuvi na kamba. Dereva alikuwa nani? Nilikuwa mimi, maneno yameshafika kwenye grupu basi nikiri hapa hapa.

Lakini asubuhi yake, wallahi. Wataalamu waliohesabu pale majira ya baridi walipata ndege wa ufukweni zaidi ya nusu milioni. Sisi tulihesabu nusu saa tukaacha. Wako kwa maelfu wale wadogo wa ufukweni waitwao dunlini, ndege ambaye huku kwetu akionekana mmoja watu wanapigiana simu. Na wala-kaa wakatembea mbele yetu hatua kama arobaini hivi. Mmoja mkubwa akamkamata kaa, akamtikisa, mguu ukaruka, akamtikisa tena, mguu mwingine ukaruka, na pembeni mtoto wake wa kijivu, kimo sawa na mzazi, ameinamisha shingo analia kama kifaranga anaomba kulishwa. Mzazi akampa. Yule mtoto ana miezi zaidi ya saba huyo! Nikamwambia mpwa wangu, hii ndiyo ile tunayoiona Mida kila mwaka. Kweli shimo la kutagia hatukuliona, Machi ni mapema, wanaanza mwezi wa nne, na hilo nalo limesemwa. Ningewapeleka Mei mngesema joto.

Sasa wale wa "ndege tuliye naye nyumbani" nawauliza, nyumbani mnamwona lini? Tarehe 24 Machi niliitisha matembezi ya Mida, makusudi, wiki ya bamvua, maji yakijaa mchana yanawasukuma ndege mpaka karibu na mikoko, na huo ndio wakati wenyewe, Kaskazi inaisha, vitwitwi wameshiba mafuta ya safari ya Siberia na wengine matumbo yameanza kugeuka mekundu. Nilikuwa nimefunga, nikaingia kwenye tope mpaka magotini. Wanachama 61. Walikuja wanne, na mmoja alikuja kuniletea risiti ya maandazi ya mkutano. Tuliwaona wala-kaa 140 na kitu, skopu yetu ina ukungu kwenye kioo kwa hiyo hiyo "na kitu" msiniulize. Wiki iliyofuata nikaambiwa eti matangazo hayakutolewa mapema. Nilitangaza mara tatu kwenye grupu, alama za bluu nimeziona.

Ada. Mwaka ni 1,500, hata shilingi tano kwa siku haifiki. Waliolipa yote ni 23, walioleta nusu 11, ambao hawajatoa hata senti ni 27. Makusanyo 42,750, matumizi 31,200 kwa basi, karatasi, chai na zile sambusa, baki 11,550. Kati ya wale 27 nimehesabu 9 ndio walioandika zaidi kuhusu Oman. Majina sitayasoma, wanajijua, na mweka hazina yuko pale mezani karibu na mlango, M-Pesa pia anapokea.

Mwaka ujao mipango ipo. Pemba tutaenda Mungu akijalia, mwenyewe nitaisimamia. Skopu tutatafuta mfadhili, kuna mtu nimeongea naye alionyesha moyo mzuri. Vijana wanataka ukurasa wa intaneti, tutaona. Shule tungependa zifike tano, au hata tatu.

Kuhusu uenyekiti, kama kuna anayetaka kiti ajitokeze, fomu zipo na mpaka jana jioni hakuna aliyechukua.

Jumapili ijayo tunaenda Mida. Tukutane kwenye daraja la mikoko saa nane mchana, vaeni viatu vya kulowa. Skopu nitabeba mimi, ni ile ile.